Re: Portland hadi kwenye redwood na karavani, watoto watatu

Dada, kutoka Portland hadi kwenye miti mirefu ya redwood kule California na karavani na watoto watatu hiyo Julai inawezekana kabisa, shikeni barabara kuu ya 101 mteremke na pwani ya Oregon taratibu tu, msikimbilie kufika. Ila kwanza angalia trela yenu (hilo karavani) ina urefu gani, maana hapo ndo watu wengi wanakwama. Barabara ya Howland Hill Road kule kwenye hifadhi ya redwood ya Jedediah Smith ni ya vumbi, nyembamba, miti imebana huku na huku, karavani haifai kabisa, iacheni kambini muingie na gari peke yake. Ufukwe wa Gold Bluffs Beach nao trela marufuku, msije mkafika na watoto wamechoka mkarudishwa. Mkitaka miti mirefu bila presha piteni barabara ya Newton B. Drury Parkway, lami safi kama kilomita 16 hivi, na wale wanyama wakubwa wa jamii ya kulungu wanaoitwa elki mnawaona hapo hapo kwenye hifadhi ya Prairie Creek, msiwasogelee jamani hata kama mtoto analilia picha.

Kulala mi ningeweka kambi Harris Beach pale Brookings, Oregon, bahari iko hapo hapo na kuna pa kuchomeka umeme, kambi ya Jedediah haina, kwa hiyo betri iwe imejaa. Julai ndio lakini asubuhi ukungu na baridi, maji ya bahari ndo usiseme, bebeni masweta. Chakula usiku kiwekeni kwenye lile kabati la chuma la kambini, dubu wapo. Na wekeni nafasi ya kambi leo, za California zinafunguliwa miezi 6 kabla, wikiendi huwa zinaisha haraka, jaribuni Jumatatu mpaka Alhamisi.