Pijo ya baba au X-Trail?

SWALI: Shikamoo Fundi. Marehemu baba katuachia Peugeot 504 stesheni ya mwaka 1979, bado inawaka na inatembea. Kaka anataka tuiuze, tuongezee hela tuagize Nissan X-Trail ya 2010 kutoka Japani. Nitakayeendesha ni mimi, Korogwe mpaka Dar, na watoto wangu watatu. Ipi ni gari? – Msomaji, Korogwe

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba.

Pijo hiyo naijua mpaka ndani ya bloku. Slivu zake, yaani mabomba ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, ni za kuchomoa, maji yanazizunguka zenyewe. Injini ikichoka huhangaiki kupeleka bloku kuchongwa: unachomoa slivu nne na pistoni zake, unapachika mpya, unahakikisha zimesimama sawa juu ya bloku, unafunga hedi. Nimeifanya kazi hiyo chini ya mwembe, na gari likaenda. Nyuma stesheni ina springi nne, ndiyo maana inapakia watu na magunia bila kulala. Safari Rally ya 1975 na ya 1978 zilichukuliwa na 504. Kabla yake, Pijo 404 ilimpa ushindi wa mashindano hayo Bert Shankland, dereva wetu wa Dar es Salaam, mwaka 1966 na 1967. Sifa hizo ni za kweli, na naziheshimu.

Lakini umenitajia watoto watatu, na njia yenyewe ni Segera–Chalinze, malori na mabasi mchana kutwa. Pijo ya 1979 haina eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga) wala ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga ukikanyaga breki). Kanyaga breki ghafla lami ikiwa imelowa: tairi zinajifunga, na hapo usukani haukusikii tena. X-Trail ina ABS, inakuachia usukani huku unafunga breki, bodi yake ya mbele imetengenezwa ikunjike ili kishindo kipungue kabla ya kufika ndani, na ina sehemu za kufungia viti vya watoto. Kwa safari hiyo chukua X-Trail. Sisiti hata kidogo.

Ila ikifika, chunga giaboksi. Nyingi za toleo hilo ni CVT, giaboksi ya otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za kawaida, na oili yake ni aina ya NS-2. Fundi akikwambia ATF, oili ya kawaida ya giaboksi za otomatiki, ni ile ile, ondoa gari lako hapo. Giaboksi hilo likifa, bei yake itakutoa machozi.

Pijo msiiuze. Muulize kaka yako kama hawezi kuitumia hapo Korogwe, shambani na sokoni. Kwanza abadilishe mipira ya breki na hozi za redieta, kisha asome tarakimu nne ubavuni mwa kila tairi: mbili za mwisho ni mwaka iliotengenezwa. Tairi ya 2012 itolewe hata kama kashata zake bado nene. Na kama mikanda ya viti vya nyuma haipo, watoto wako wasipandishwe humo mpaka ifungwe.