Walimu wapya wa waliosilimu, msianzie kwenye kunuti

Kila anapopangwa mwalimu mpya kwenye darsa la waliosilimu, najua kitakachofuata. Wiki haijaisha, na mwanafunzi ambaye Fatiha bado inamkwama ulimini ameshaelezwa nani hufunga mikono kifuani, nani chini ya kifua, nani huleta kunuti, ile dua ya kisimamo katika sala ya alfajiri, na nani haileti. Wapendwa wangu, elimu mnayo na bidii yenu naipenda. Ila mtawachosha watu kabla hawajaonja utamu wa sala.

1. Fuateni mpangilio wa Mtume (S.A.W.). Alipomtuma Muadh bin Jabal Yemen, alimpangia hatua: awaite kwanza kwenye shahada, wakiitikia, awajulishe sala tano za usiku na mchana, wakiitikia hilo, awajulishe zaka, inayochukuliwa kwa matajiri wao na kurudishwa kwa mafukara wao. Muadh alikuwa katika masahaba wajuzi mno wa halali na haramu, na bado akapewa mpangilio.

2. Kumbukeni dini hii ilivyoshuka. Wahyi ulianza katika pango la Hira mwaka 610, ukaendelea kwa takriban miaka 23. Kule Makka, miaka ile mirefu ya mwanzo, kilichojengwa zaidi ni tauhidi, yaani kumpwekesha Mwenyezi Mungu, na imani ya Siku ya Mwisho. Sala tano zilifaradhishwa usiku wa Miraji, kabla ya Hijra ya 622. Saumu ya Ramadhani ikaja mwaka wa pili wa Hijra, mwaka uleule kibla kilipogeuzwa kutoka Baytul Maqdis kuelekea Al-Kaaba. Bibi Aisha (R.A.) ameeleza kuwa zilitangulia sura za kutaja Pepo na Moto, na watu walipotulia katika Uislamu ndipo zikashuka halali na haramu, lau la kwanza lingekuwa "msinywe pombe", wangesema hawaiachi kamwe. Sheria sasa imekamilika, na pombe ni haramu kwa aliyesilimu leo kama ilivyo haramu kwangu. Nasemea mpangilio wa somo: mjue kwanza Anayekuamrisha, kisha amri zitapata pa kukaa.

3. Msimkosoe mtu mbele ya watu. Hili linaniuma, kwa hiyo nivumilieni. Kulikuwa na kijana aliyesilimu, hakosi darsa. Alikuwa amefundishwa karibuni kwamba kujibu salamu ni wajibu. Siku moja yuko ndani ya sala, akaingia mtu akatoa salamu, na kijana wetu akaitikia kwa sauti, kwa moyo safi kabisa, maana alikuwa anatekeleza alichofundishwa. Imamu alipotoa salamu tu, mwalimu wake akageuka mbele ya safu nzima: "Sala yako imebatilika, rudia!" Akarudia peke yake, kichwa chini, watu wakimtazama. Darsani hakuonekana tena. Alipofuatwa nyumbani alisema ataswali hukohuko mpaka ajue vizuri. Na nani atamjulisha, ikiwa tumemfukuza?

Tena mwalimu alikosea hata kwenye hukumu. Tukio la namna hii lilimpata Muawiya bin Al-Hakam, sahaba. Mtu alipiga chafya ndani ya sala, naye akamwombea rehema kwa sauti. Watu wakamkodolea macho, naye akazidi kusema. Wakajipiga mapaja kumnyamazisha. Sala ilipokwisha, Mtume hakumkemea, hakumpiga, hakumtukana. Alimwambia kuwa sala haifai ndani yake maneno ya watu. Ni tasbihi, takbira na kusoma Qur'ani. Muawiya akasema hakuona kabla yake wala baada yake mwalimu aliye bora kufundisha kuliko yeye. Haikupokewa kuwa aliamrishwa kurudia sala ile, na ndiyo maana mafakihi wengi, wanazuoni wa sheria, wakamsamehe mgeni wa Uislamu anayesema maneno machache ndani ya sala kwa kutojua. Mlisome hili kabla ya kugombana na mtu.

4. Udhu ufundishwe penye maji, si ubaoni.

5. Asiyeijua Fatiha hasubiri mpaka aijue ndipo aswali. Aswali leo, alete dhikri anazoziweza mahali pake, huku anajifunza.

6. Jina halilazimiki kubadilishwa, ila likiwa na maana mbaya. Acheni kuwagawia watu majina mlangoni.

7. Masbuku, yaani aliyemkuta imamu ameshatangulia katika sala. Waonyesheni kwa vitendo, maana hapa ndipo wanapokimbia na kupiga takbira ya kuhirimia, ile ya kufungulia sala, wameshainama. Sahaba Abu Bakra alirukuu kabla hajaifikia safu, na Mtume akamwambia: "Mwenyezi Mungu akuzidishie pupa, lakini usirudie." Ndivyo hasa ninavyowaombea nyinyi. Na msisahau magharibi: aliyeidiriki rakaa ya mwisho tu atakaa tashahudi, kikao cha kusoma shahada, mara tatu, moja na imamu, moja baada ya rakaa yake ya pili, na ya mwisho. Mwambieni mapema, asije akadhani amekosea akaikata sala.