Mkono wa Mwalimu Usiguse Karatasi ya Mtoto

Katika miaka yangu ya mwanzo ya kufundisha kuchora hapa Lamu, tuliarifiwa siku moja kwamba wageni wangekuja kutazama kazi za watoto, nami nikaingiwa na hofu ya kuaibika. Mvulana mmoja wa darasa la tatu alikuwa amechora mashua ambayo tanga lake lilikuwa dogo kuliko nahodha. Usiku ule nikaketi na picha yake, nikalikuza tanga, nikaunyoosha mlingoti na kumpunguza nahodha mwili. Wageni waliisifu sana. Muhula ulipokwisha, watoto walizibandua picha zao ukutani wakaenda nazo kwao, isipokuwa yeye. Nilipomkumbusha, alinijibu bila hasira yoyote: "Ile si yangu, Mwalimu." Baadaye nilikuja kufahamu kwamba nahodha yule alikuwa babake, na kwamba mtoto hakuwa amekosea kipimo hata kidogo, kwa kuwa alimchora mkubwa yule aliye mkubwa kwake.

Tangu hapo kalamu yangu haigusi karatasi ya mtoto. Nikitaka kumwonyesha jambo, huchukua karatasi yangu mwenyewe, nikachora kando yake, kisha nikaikunja na kuitia mfukoni asije akainakili. Ni jambo dogo kulisema, lakini mwalimu yeyote anayejua kuchora atakiri jinsi mkono unavyomuwasha aonapo mstari uliopinda.

Kosa langu la pili lilikuwa ubaoni. Nilikuwa nikichora punda, watoto wakinakili, na nilipokusanya madaftari nikakuta punda wote wanatazama kushoto, wote na mkia uleule. Huu ni mji ambao vichochoro vyake havipitishi gari, na mawe, mchanga na simiti hubebwa na punda kutwa, ila watoto wale walikuwa wamenichorea punda wangu badala ya punda wao. Nikawaagiza wamtazame punda mmoja kwa siku mbili bila kuchora chochote: masikio huyaelekeza wapi, gunia humkalia mahali gani, miguu huiwekaje anapopanda ngazi. Siku ya tatu ndipo tukachora. Msichana mmoja aliniletea umbo refu kama yai, mafurushi mawili ubavuni, masikio mawili mbele, na miguu hakuna. Nilikuwa karibu kumuuliza miguu imekwenda wapi, nikajizuia, nikamwambia tu, "Nieleze." Akasema, "Nimemwona kutoka darini, Mwalimu. Huko juu miguu haionekani."

Ndiyo sababu nawashauri walimu na wazazi waliache swali la "Hiki ni nini?", kwa kuwa mtoto hulisikia kama hukumu kwamba picha yake imeshindwa kujieleza. Hata neno "nzuri" nalitumia kwa uchache. Nikimwambia mtoto kwamba nimeona amelifanya gunia la kulia kuwa zito kuliko la kushoto, anajua kwamba nimeitazama kazi yake kwelikweli.

Hapa lazima nitenganishe umri. Mtoto wa miaka mitatu au minne huchora kichwa kikubwa kilichoota miguu, na hana haja ya kusahihishwa, kwa kuwa kiwiliwili kitakuja chenyewe. Lakini afikapo miaka tisa au kumi huanza kulinganisha mchoro wake na ulimwengu, huomba raba kila dakika, husugua hadi karatasi inatoboka, kisha husema, "Mimi sijui kuchora." Wengi huachia hapo na hawarudi tena maishani. Franz Cizek, aliyefungua darasa lake la sanaa ya watoto huko Vienna mwaka 1897, alitufundisha kuwaacha watoto wachore yaliyomo ndani yao wakati shule zilipokuwa zikiwalazimisha kunakili, nasi tunamwia deni kubwa. Hata hivyo, mtoto wa miaka kumi anayeuliza ni vipi kichochoro kinaonekana kwenda mbali, akajibiwa "chora unavyojisikia", amenyimwa haki yake. Mfundishe jinsi kuta mbili zinavyokaribiana kadiri zinavyokwenda mbele, ila mfundishe kwenye karatasi nyingine.

Watoto wa umri huo huwapeleka katika karakana ya fundi wa milango. Mwanagenzi pale huanza kwa kupiga msasa, kisha hukata jani lilelile kwa patasi juu ya vipande vya mbao vilivyotupwa, mara nyingi mno, kabla hajaruhusiwa kuugusa mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, wa mteja. Zamani nilidhani ziara hizo zitapingana na yote niliyowaambia juu ya kutonakili. Siku moja fundi akatuwekea mifaa miwili iliyochongwa na wanagenzi wawili kwa nakshi moja, iliyopimwa kwa bikari ileile, akawataka watoto waseme tofauti yake. Waliiona upesi kuliko mimi. Mmoja alikuwa ameyakata majani kwa kina yakaacha kivuli kizito, na mwingine alikata juujuu lakini mistari yake ilinyooka kama uzi.

Kuna suala jingine ambalo mwalimu mgeni wa pwani atakutana nalo mapema. Baba mmoja alinijia baada ya sala ya alasiri, kwa adabu kabisa, akaniambia hapendi mwanawe achore viumbe wenye roho. Sikubishana naye. Mtoto alihamia kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na nakshi za kofia za vito zinazoshonwa kwa vitundu, ambako alilazimika kuhesabu vitundu na kugawa duara sawasawa, kazi iliyomtaka subira kuliko punda wa wenzake. Asidhani mtu kwamba huko ni kuichukia sanaa, kwani mwiko huohuo umechangia kuistawisha nakshi ya majani na maumbo katika miji ya Waislamu, huu wetu ukiwamo.

Juu ya vifaa sina mengi. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa nchini mwaka 2019 umeipa sanaa nafasi katika ratiba, ila masanduku ya rangi hayakuja nao. Makaa, manjano, chokaa na karatasi ya mfuko wa simiti vinatosha kwa muhula mzima.

Mzazi anayetaka kusaidia nyumbani naibandike picha kimo cha macho ya mtoto, si kimo chake yeye, na kabla ya kuibandika amwache mtoto aandike mwenyewe jina na tarehe nyuma ya karatasi, hata kama herufi zimepinduka.