Asante ina mwenyewe

Jumanne nilipata ujumbe wa msomaji, binti aliyenunua Vitz yake ya kwanza mwaka huu. Hongera sana mdogo wangu, najua ulivyojinyima. Anasema alikuwa anatoka Pangani kurudi Tanga mjini, akakata njia ya ndani pale Kigombe kumsalimia shangazi yake. Mvua ilikuwa imenyesha, gari likazama kwenye tope. Vijana wanne wakaja wakamtoa. Walitia makuti chini ya matairi, wakasukuma mpaka mmoja wao akapoteza ndala. Gari lilipotoka, akampa aliyekuwa karibu na dirisha shilingi 2,000. Yule kijana akaitazama ile noti, akamrudishia, akamwambia, "Ahsante dada, nenda salama." Binti ananiuliza: "Dada, nilikosea kiasi, au nilikosea nini? Nimelia njia nzima mpaka Tanga."

Nitamjibu. Lakini siwezi kumjibu kabla sijasimulia usiku wangu wa Hale, na jambo jingine baya zaidi ambalo sijawahi kulisema popote.

Mnaonisoma hapa nawajua. Mnataka ninachotaka mimi: gari la biashara, kisha la pili, wafanyakazi wenu wenyewe, jina lenu likitajwa kwenye shughuli watu waseme "yule anajua kazi". Kwa hiyo haya yanawahusu hata kama leo bado mnapanda daladala.

Ilikuwa Jumamosi, tumetoka kupika harusi Korogwe. Watu 300, pilau haikubaki hata ukoko, mama wa bibi harusi alinikumbatia mbele za watu. Noah yangu ilikuwa imejaa masufuria na mahotipoti, na wasichana wangu watatu wamelala juu ya mabunda ya vitambaa vya meza. Saa tano usiku, tumeipita Hale kidogo, mshale wa joto ukapanda mpaka juu na moshi mweupe ukatoka mbele. Gari limechemsha. Nikasogea pembeni. Reflekta zangu zilikuwa zimevunjika, tukakata matawi tukayapanga barabarani nyuma ya gari kama watu wanavyofanya, tukasimama gizani na simu zetu. Magari yalipita. Mengine yalipunguza mwendo, yakatumulika, yakaondoka. Wanawake wanne barabarani usiku, sitaki kuwaeleza moyo ulivyokuwa.

Likasimama lori. Akashuka dereva, mtu mzima mwenye kanzu ya kulalia, na utingo wake, kijana ambaye naona hakuwa amefika miaka ishirini na mbili. Dereva alishika tochi na kutoa maelekezo. Kazi aliifanya kijana. Kwanza alinizuia nisifungue rejeta, maana maji yanayochemka yanaruka usoni. Tukasubiri karibu nusu saa gari lipoe. Kisha akalala chali juu ya lami, kwenye mafuta na mchanga, akaikuta hosi ya chini imepasuka. Akapanda kwenye lori, akarudi na kipande cha tyubu chakavu, akakichana kama mkanda, akaizungushia ile hosi tabaka juu ya tabaka na kuikaza kwa waya. Akaleta dumu lao la maji la lita 20, maji yao ya kunywa na kunawia, akayamimina yote. Akaniambia nisikaze kizibo cha rejeta mpaka mwisho, presha isije ikaipasua hosi tena. "Mama, nenda taratibu, sisi tuko nyuma yako."

Na kweli walikuwa nyuma yangu, taa zao zinanimulikia, mpaka Muheza. Pale tulimwamsha fundi, tukapatana 45,000, hosi pamoja na kazi, kabla hajashika spana. Hilo nalijua tangu zamani: bei hupatanwa kabla. Akifungua gari lako kwanza, utapatana naye huku injini iko mezani.

Sasa sikilizeni kosa langu. Nilitoa 20,000, nikaenda kwenye dirisha la lori, nikampa dereva. Nikasema, "Kaka, mtagawana na kijana." Akasema, "Usijali dada." Kijana alikuwa nyuma huko anagonga matairi kwa chuma, anasikiliza upepo. Sikumfuata. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikutembea zile hatua kumi. Nilijiambia ni heshima, dereva ndiye mkubwa. Ukweli ni kwamba kijana alikuwa amechafuka mafuta mwili mzima na mimi nilikuwa nimechoka, na nilitaka jambo liishe.

Miezi miwili baadaye nilikuwa naelekea Dar, nikasimama Segera kula. Nikasikia, "Shikamoo mama. Noah haisumbui tena?" Alikuwa yeye. Nilifurahi kama nimemwona mwanangu. Nikamwitikia, nikamuuliza, kwa mazoea tu, "Siku ile mlikunywa soda lakini?"

"Soda ipi, mama?"

Nikanyamaza. Naye akaelewa kabla sijafungua mdomo, akatazama chini. Akasema, "Dereva aliniambia umeshukuru sana. Nikajua umeshukuru kwa mdomo." Hakulaumu. Alikuwa amekaa miezi miwili akijua kwamba alilala kwenye lami usiku kwa ajili ya mama mwenye gari na yule mama akamwachia maneno, na bado ameniona na kuniamkia.

Nilimpa 20,000 yake mkononi, akaipokea kwa mikono miwili. Haikunitua. Kutoka Segera mpaka Msata sikuwasha redio, maana nilikuwa naiwaza noti nyingine.

Ni hii. Mwaka jana tulihudumia hitima ya familia moja Raskazone. Mwenye nyumba alinipa malipo yetu, kisha akaongeza 50,000 pembeni: "Hii ya wasichana wako, wamejituma." Nikaiweka kwenye pochi. Kesho yake mtungi wa gesi ulikwisha, nikanunua gesi. Nikasema nitairudisha. Haikuwa mara ya kwanza wala ya mwisho. Nimekaa na daftari langu la shughuli nikahesabu, ni mara tano. Kila mara niliita jina jingine: mafuta, karo, mzunguko wa biashara. Kumbe yule mwenye nyumba wa Raskazone alikuwa amewaambia wenyewe jikoni, "Chenu nimemwachia mama yenu." Walijua. Walikuja kazini wiki iliyofuata wakaniamkia, wakamenya vitunguu, wakaniangalia nikipanga hesabu. Mmoja wao, aliyekuwa mkono wangu wa kulia, aliondoka baada ya miezi mitatu. Aliniambia amepata kazi karibu na kwao. Nilimsema kwa watu kwamba hana shukrani. Mimi ndiye niliyemsema hivyo.

Basi yule dereva sina la kumlaumu ambalo mimi sijalifanya nikiwa nimevaa dera safi.

Sisi watu wa Tanga tumelelewa na taarabu. Enzi za Black Star na Lucky Star mama zetu walijua kutunza, na hata leo harusini tunatunza. Mtu akikugusa moyo kwa wimbo, unainuka kwenye kiti chako, unacheza taratibu mpaka mbele, noti iko juu watu waione, unampa mwimbaji mwenyewe. Humpi mpiga ngoma umwambie "mfikishie". Ungeonekana huna adabu. Sasa adabu hiyo tunaiacha ukumbini kwa nini? Aliyelala chini ya gari lako naye amekuimbia. Inuka kwenye kiti.

Nirudi kwako, binti wa Kigombe. Kiasi kilikuwa kidogo, ndiyo, lakini sidhani kama ndicho kilichomfanya akurudishie. Walikuwa wanne. 2,000 kwa wanne ni 500 kila mtu, na ulimpa mmoja bila kusema neno la wenzake. Ungeondoka, yeye angebaki pale anaulizwa na watatu, "Amekupa ngapi? Hiyo tu? Zingine ziko wapi?" Ulimtwisha deni. Akaona bora abaki na heshima yake. Ungezima gari, ukashuka hata kama tope litakuharibia viatu, ukawashika mkono mmoja mmoja, ukasema mbele ya wote, "Wanangu, ninacho hiki, gawaneni", hata ingekuwa 8,000, wangeipokea wakacheka nawe. Na ndala ya yule mmoja ungeilipa peke yake. Ile si asante, ni hasara yake.

Wengine wamezoea kunitaka niwape namba. Mimi nafanya hivi. Pancha mchana, bei ya fundi ndiyo bei, naongeza 1,000 akinijazia na matairi mengine upepo. Mhudumu wa sheli akinifutia kioo na kunitazamia maji na oili, 500 au 1,000, mkononi mwake, si dirishani nikiwa nimeshaondoa gari. Wapagazi wa stendi ya Kange wana bei yao na mnapatana, kama mnavyopatana na wanaopaa samaki pale Deep Sea. Usimpunje bei yake halafu ujione mkarimu kwa kumwachia chenji. Mtu aliyesimama usiku asiyekudai chochote, mimi nampa angalau nusu ya ambacho ningemlipa fundi. Akikataa, usimlazimishe. Wapo wanaosaidia kwa ajili ya Mungu na noti inawaumiza. Uliza jina, uliza nyumbani, siku ukipita tena shuka na kilo mbili za sukari.

Ukikosa pesa taslimu, ukatuma kwa simu, tuma na ya kutolea. Hili nalirudia kila mwaka na watu hawasikii. Asante ya 5,000 inayokatwa makato ikifika kwa wakala ina upungufu, na upungufu huo amelipa aliyekusaidia. Na usitume kwenye namba ya bosi wake. Mkononi mwake, au kwenye simu yake. Nimeweka noti ndogo kwenye kidroo cha gari, siondoki nyumbani bila kuzitazama kama ninavyotazama maji ya rejeta. Bima yangu nayo nimeisoma upya. Kama una bima kubwa, soma kama inalipia gari kuvutwa, usije ukalipa mara mbili. Lakini hata kampuni ikilipa, aliyefunga mnyororo chini ya gari lako kwenye mvua ni mtu, na kampuni haijamshika mkono.

Binamu yangu anaishi Marekani, akija likizo ananiambia huku tunapata tabu bure, wao wanapiga asilimia 15 mpaka 20 ya bili ya chakula, basi. Lakini kwao mwajiri anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kumlipa mhudumu anayepata bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, na kiwango hicho hakijapanda tangu 1991. Bakshishi kule ni mshahara uliohamishiwa kwa mteja. Hata huko, ananiambia, mwenye gari la kuvuta hapangiwi asilimia, unampa kwa moyo wako. Kwa hiyo tusikopi hesabu yao tukaacha adabu yetu.

Na jamani, askari wa usalama barabarani si fundi. Muuguzi anayekupa kitanda si mpagazi. Mtumishi wa umma anayekuhudumia kwa kazi anayolipwa, ukimpa "ya soda" ili mambo yaende, hiyo ni rushwa, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamshika anayetoa pamoja na anayepokea. Tuliwahi kuibatiza jina zuri, takrima, tukaiingiza mpaka kwenye sheria ya uchaguzi, na Mahakama Kuu ikaviondoa vifungu vile mwaka 2006. Asante huja baada ya kazi, kwa mtu ambaye angekufanyia hata usingempa. Ikija kabla, ikawa ndiyo ufunguo wa mlango, jina lake unalijua.

Mabosi wenzangu, nyinyi mnaokusanya sanduku la bakshishi na kulifungua peke yenu ofisini, nawasemesha kama ninavyojisemesha. Ile si hela yenu. Mteja aliitoa kwa mikono aliyoiona ikifanya kazi. Mkiichukua mnaiba mara mbili, mnaiba pesa na mnaiba shukrani, na wafanyakazi wenu wanajua. Wanajua na wanawaamkia. Siku hizi mteja akinipa cha wasichana namwomba radhi, nawaita wote, namwambia awape mwenyewe. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, kwenye shughuli moja Chumbageni, walitazamana kwanza kabla ya kunyoosha mikono. Kutazamana kule nimekukumbuka kila siku.

Wale wawili waliobaki nimewalipa fungu lao la mara zote tano, nikawaambia zimetoka wapi na kwa nini zimechelewa. Mmoja alilia, mwingine alisema "ahsante mama" akaendelea kuosha sahani. Yule aliyeondoka fungu lake lilifika 62,000. Nimemtumia Ijumaa usiku, na ya kutolea, na ujumbe mrefu nilioufuta mara tatu kabla ya kuutuma. Mtandao umenijulisha pesa zimefika. Yeye hajajibu.