Jibu: Wadudu mliowakuta mkipalilia asubuhi, wauawe wote?

Mmetuorodheshea kiwavi wa kijivu, koa, nyungunyungu, jongoo, tandu na vidudu vyeusi vyenye madoa. Hapana, msiwaue wote. Katika orodha yenu, wa kuondoa haraka ni yule kiwavi wa kijivu aliyejikunja kama pete kando ya mche uliokatwa. Huyo ni sota. Hula usiku, mchana hujificha, kwa hiyo mmoja wenu afukue taratibu sentimita 2 hadi 5 kuzunguka shina, mwingine ashike kopo la maji ya sabuni la kuwatumbukiza. Miche iliyobaki izungushieni pete ya karatasi ngumu, sentimita 3 ziwe chini ya udongo na 5 juu. Ikiwekwa juujuu tu, sota atapita chini yake.

Koa nao waokoteni kabla jua halijakaza. Chumvi msimwage, inaharibu udongo.

Nyungunyungu waacheni, wanapitisha hewa na maji ardhini. Jongoo hula zaidi majani yaliyooza. Msimshike kwa mikono mitupu, majimaji yake huwasha, hasa machoni. Tandu huwinda wadudu wengine, ila anauma, vaeni glavu.

Vile vidudu vyeusi virefu vyenye madoa ya rangi ya chungwa kwenye majani yenye vidukari (vile vidudu vidogo vinavyofyonza utomvu wa mimea)? Watu wengi huviponda kwa makosa, kumbe ndivyo vinavyokula vidukari. Viacheni.