Kujaza fomu ya mapitio ya PIP ukiwa na baipola

Dada, umeuliza ujibu nini kwenye fomu ya mapitio ya PIP, ile posho ya serikali huko Uingereza kwa wenye ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu, maana dawa za baipola (ugonjwa wa akili unaopandisha na kushusha hisia) zimekutuliza na unaogopa kukatiwa posho. Kwanza, acha ile adabu yetu ya kujibu "salama" hata mtu akiwa hoi. Wanaokagua fomu hawapimi jina la ugonjwa. Wanaangalia kama unaweza kupika, kuoga na kutoka nje kwa usalama, tena na tena, au kama unashindwa katika zaidi ya nusu ya siku za mwaka. Mdogo wako akikukumbusha dawa, liandike hilo. Ambatisha barua ya daktari, ubaki na nakala. Kwa kawaida unapewa mwezi mmoja. Ukizidiwa, piga simu uongezewe muda. Wakikukatia, omba uamuzi uangaliwe upya ndani ya mwezi, kisha rufaa.