Unaanza michoro ya kiufundi? Anza na nodi
Ukifungua programu ya kuchora kama Inkscape, Illustrator au CorelDRAW kwa mara ya kwanza, vitufe vimejaa kila upande, na kishawishi cha kwanza ni kuvijaribu kimoja baada ya kingine. Usijichoshe. Mchoro wa kiufundi, ule unaomwonyesha fundi jinsi pampu inavyofunguliwa au nati inakokaa, hauna haja na brashi wala vivuli vya kupendeza. Unabebwa na mistari safi, na mistari safi hutoka kwenye zana chache mno.

Iliyo nzito kuliko zote ni zana ya kuhariri nodi, yaani nukta ambazo mstari hupitia. Katika Inkscape utaipata kwa kubonyeza N. Illustrator hutumia A. Programu hizi, zinazoitwa za vekta, hazihifadhi mstari wako kama safu ya piseli, yaani vidoa vidogo vya rangi. Zinahifadhi nodi, pamoja na vipini vinavyosema mkunjo uelekee wapi unapotoka kwenye kila nodi. Hesabu hiyo inaitwa kwa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa Renault aliyeitumia kubuni mabodi ya magari miaka ya 1960, kwa hiyo tangu mwanzo ilikuwa kazi ya kiufundi kuliko ya urembo.

Kalamu (B katika Inkscape, P katika Illustrator) ndiyo inayozaa nodi. Bofya tu, unapata kona. Bofya ukiburuta, unapata mkunjo. Mgeni karibu kila mara huweka nodi nyingi kupita kiasi, halafu anashangaa kwa nini ukingo wa bomba lake unayumba. Duara zima linatosha kwa nodi 4. Ziweke pale mkunjo unapofika juu kabisa, chini kabisa, kushoto kabisa na kulia kabisa, na vipini vikae wima au mlalo. Ukiona mstari una mabonde, usiusogeze. Futa nodi kwanza, uone kama hautajinyoosha wenyewe. Zana ya penseli ya kuchora kwa mkono huru waachie wachora katuni.

Washa pia unasaji, yaani nguvu inayoivuta nodi unayoisogeza hadi kwenye nodi au mstari ulio jirani kama sumaku. Macho yakikuambia mistari miwili imekutana, usiyaamini. Kuza mara kumi uangalie tena. Na hata zikiwa juu ya nukta moja, ncha mbili zisizounganishwa kuwa nodi moja huacha pengo kwenye kona pale mstari unapokuwa mnene.

Unene wa mstari unastahili subira yako. Viwango vya ISO, shirika la kimataifa la viwango, vina mfululizo wa milimita 0.18, 0.25, 0.35, 0.5, 0.7 na kuendelea, kila mmoja ukiwa takriban mara 1.4 ya uliotangulia. Chagua miwili tu, tuseme 0.25 na 0.5. Ukingo ambao uso mmoja tu kati ya nyuso zake mbili ndio unaoonekana hupewa mstari mnene. Ukingo unaokutanisha nyuso mbili zinazoonekana zote hupewa mwembamba. Kanuni hii moja huinua kifaa kutoka kwenye karatasi bila kivuli chochote. Lakini kuna mtego: ukipunguza mchoro hadi nusu, huenda programu ikapunguza na unene wa mistari. Tafuta swichi yake kwenye mipangilio mapema, kabla hujakuta kurasa za kitabu kimoja zina mistari ya kila namna.

Mtazamo wa isometriki, unaoonyesha pande tatu za kifaa kwa pamoja, ndio utakaoutumia zaidi. Kingo za wima hubaki wima, nyingine hupanda kwa nyuzi 30 kutoka mlalo. Inkscape ina gridi ya aksonometriki tayari, yaani mistari ya mwongozo iliyoinama hivyo, na ukishikilia Ctrl unapochora mstari, pembe huruka kwa hatua za nyuzi 15. Mistari iliyonyooka basi si tabu. Tabu ni matundu. Duara likitazamwa hivyo linakuwa duaradufu ambayo mhimili wake mfupi ni karibu 0.58 ya mrefu, na huo mhimili mfupi lazima ulale sambamba na mhimili wa bolti au shafti inayopita humo. Shafti ikiinama nyuzi 30, duaradufu nayo inainama. Michoro mingi ya wanaoanza ina shafti inayoonekana kama imevunjika shingo, na sababu huwa ni hii.

Kuhusu tabaka, yaani karatasi angavu zinazopangwa moja juu ya nyingine ndani ya faili, sina mengi ya kusema. Picha ya kufuatishia iweke chini kabisa na uifunge, kifaa kikae kwake, namba na mistari ya maelezo kwake. Zipe majina.

Zoezi la kuanzia: bolti, wosha na nati, vimetenganishwa kwenye mhimili mmoja. Usichore wosha kwa kalamu. Tengeneza duaradufu mbili, kisha ondoa ndogo ndani ya kubwa kwa amri ya kutoa umbo. Kitu kinachojirudia kichore mara moja. Inkscape ina nakala-mwana kwa Alt+D: ukirekebisha bolti mama, zote zinafuata. Ctrl+D hutoa nakala huru isiyofuata chochote, na hizi mbili watu huzichanganya sana.

Ukimaliza, chapisha kwa ukubwa halisi. Kioo cha kompyuta huficha mistari iliyo myembamba mno. Wakati wa kumtumia mteja PDF, unaweza kugeuza maandishi kuwa maumbo ili fonti isibadilike kwake, ila fanya hivyo kwenye nakala. Kwenye faili mama maandishi yabaki maandishi, maana namba za sehemu ndizo za kwanza kubadilishwa.